Sema Nikusikie

Madirisha mapya ya Gerald yalipendeza kwa nje tu. Kwa ndani ilikuwa aibu. Watu wa aluminiamu walikuja na pikapu yao kutoka mjini, wakang'oa fremu za mninga kwa mtaimbo, wakapachika vioo vyao, wakanywa chai, wakaondoka. Waliacha kuta zimebomoka pande zote za dirisha, matofali yako wazi, na mianya imezibwa kwa makaratasi ya mifuko ya simenti. Upepo wa kijiji cha Mungaa haujawahi kubisha hodi kwa mtu. Uliingia humo na vumbi lake lote, na Rahabu, mke wa Gerald, akafagia asubuhi, akafagia mchana, na jioni mtoto wao bado alikuwa anapiga chafya.

Gerald mwenyewe yuko Dodoma, anaendesha lori la ujenzi. Kwa simu akatafuta fundi wa kumalizia kazi, akampata Haji wa Singida mjini, mtu anayesifiwa kwa kupiga ripu na kulainisha kuta. Sebule ikaisha, ikapendeza. Chumba cha mama yake kikaisha. Kikabaki chumba cha kulala cha Gerald na mkewe, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Gerald alimpigia mkewe kwanza.

"Mama Witness, huyo fundi asibaki peke yake chumbani kwangu. Vitu vyangu vyote viko humo. Kaa naye mpaka atoke."

"Sawa, baba Witness."

Akakata. Papo hapo akampigia mama yake.

"Shikamoo mama. Rahabu atakuwa chumbani na yule fundi. Nisaidie macho."

"Macho ya nini?"

"Mama, wewe ni mtu mzima, unaelewa."

Mtazame mtu huyu! Fundi alindwe na mke, mke alindwe na mama, na yeye akae Dodoma apokee taarifa. Ila alisahau jambo moja ambalo kila mtoto wa ukoo ule analijua. Kwao, mzazi hakanyagi chumba anacholala mwanawe na mkewe. Hata nyumba ikiungua, atasimama mlangoni apige mayowe. Mzazi akiingia humo, ukoo unakaa, kondoo anachinjwa, na jina lake linatajwa vikaoni mpaka siku ya mazishi yake. Theodora, mama yake Gerald, alikuwa mwanamke wa kuheshimika, mzee wa kanisa, na hakuwahi kutajwa kikaoni kwa ubaya. Macho aliyoombwa hayakuwa na pa kupita.

Alijaribu dirishani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapita kwenye mabua ya alizeti, akasogeza uso kwenye kioo. Gerald alikuwa amechagua vioo vya giza, vile ambavyo aliye nje haoni ndani. Theodora aliona kilemba chake na macho yake mwenyewe yanamtazama. Kwa ndani, Rahabu alimwona vizuri kabisa, pua imegusa kioo, na hakujua acheke au alie.

Theodora akarudi ndani, akachukua kigoda, akakaa ukumbini karibu na mlango wa chumba. Mlango ulikuwa wazi, lakini dirisha lilikuwa upande wa pili, nyuma ya kabati. Alichoweza kuona ni ukingo wa kitanda na ndala za Rahabu.

"Mkamwana!"

"Abee mama."

"Mimi humo siingii, unajua. Sasa sema nikusikie."

"Niseme nini, mama?"

"Chochote. Ukinyamaza nitajua."

"Utajua nini?"

"Nitajua."

Rahabu aliinamisha uso. Haji aligeukia ukuta akajifanya anatafuta mwiko. Lakini mkamwana haanzi kubishana na mama mkwe mbele ya fundi, kwa hiyo Rahabu akaanza.

"Sasa anamwagia ukuta maji, mama. Ameshika mwiko. Amechota ripu. Anaitupa upande wa kushoto... imeshika. Anatupa tena. Hiyo imeanguka."

"Imeangukia wapi?"

"Chini, mama."

"Enhe. Endelea."

Siku nzima ikaenda hivyo. Haji hakuwa na msaidizi, kwa hiyo Rahabu alishika ncha moja ya ubao wa kunyooshea, mtoto mgongoni, huku akitangaza kila kitu kama mtangazaji wa mpira redioni. Anapandisha ubao. Anashusha. Anakwangua. Sauti ilipomkauka aliruhusiwa kukohoa, na akikohoa mara nyingi aliulizwa kulikoni.

"Dada," Haji alimnong'oneza, "nimefanya nyumba nyingi. Ya kutangazwa ndiyo hii ya kwanza."

"Piga kazi, kaka Haji, umalize uondoke."

"Anasema nini huyo?" Theodora akauliza kutoka ukumbini.

"Anaomba maji, mama."

"Maji si yako kwenye ndoo?"

Uongo mdogo ule ulimchoma Rahabu kuliko ukweli wote aliokuwa ametangaza. Dorkas, jirani wa ng'ambo ya uzio, alikuwa amekuja kuazima chekeche. Alisimama uani, akasikiliza, akaweka mkono mdomoni.

"Jamani, Rahabu! Ngapi ngapi huko?"

Kesho yake kisimani wanawake waliokuwa na ndoo zao walimwuliza swali hilohilo, mmoja baada ya mwingine. Wengine walikuwa wanatania. Wengine walikuwa wanataka kweli kujua matokeo.

Gerald alikuwa akipiga simu kila jioni.

"Mama, leo imekuwaje?"

"Wanaongea."

"Wanaongea nini?"

"Ripu."

"Ripu tu?"

"Ripu na maji."

"Maji gani, mama?"

Theodora akaaga, akakata simu. Si kwamba alimchukia mkamwana wake. Rahabu alimpikia, alimfulia, na akiugua ndiye aliyekuwa akilala chini karibu na kitanda chake. Lakini mtu akiulizwa kila jioni kama hajasikia kitu, masikio huanza kuona haya kurudi mikono mitupu. Akaanza kusikia vitu. Alisikia Haji akicheka. Alisikia kitanda kimesogezwa. Kilisogezwa kweli, kwa sababu kilizuia kazi, na Rahabu alikuwa ametangaza hivyo. Theodora akajiuliza kwa nini ametangaza haraka vile.

Na kazi haikuisha. Ripu ya kingo za chini ilikauka ikapasuka. Haji akaibomoa, akasema tofali lilikuwa na vumbi, arudie. Jioni Theodora alimfikishia Gerald neno hilo la kurudia kwenye simu.

"Sebuleni alirudia?" Gerald akauliza.

"Hapana, mwanangu."

"Chumbani kwako alirudia?"

"Hapana."

"Haya."

Ilikuwa imebaki sehemu ya juu tu, chini ya lenta, ule ukanda wa zege juu ya dirisha. Haji alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kukwangua chokaa kuukuu iliyobaki pale fremu ya mninga ilipokaa miaka yote. Rahabu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ndiyo kwanza amemnyonyesha Witness na kumlaza, anatangaza bila hata kufikiri.

"Anakwangua juu, mama. Anakwangua. Anakwang..."

Bonge la chokaa lilimwagika lote usoni kwa Haji. Alishuka kwenye ndoo akiwa amefumba macho, akapiga magoti, kiganja kimefunika jicho la kulia. Hakupiga kelele. Alitoa sauti ya chini, ya mtu anayezuia kelele kwa sababu yuko kwenye nyumba ya watu.

Rahabu aliruka. Maji ya ndoo nyingine yalikuwa yamechanganyika na simenti. Akachukua kikombe cha maji ya kunywa, akamwinua uso, akamwaga yote jichoni. Haji akajaribu kufumbua, akashindwa. Kope zilikuwa nyeupe, na machozi yalikuwa yanageuka uji. Rahabu akafanya kile ambacho wanawake wa kule hufanya mtoto anapoingiwa na kitu jichoni, kile mikono inachokijua kabla kichwa hakijafikiri. Alimvutia kichwa kwenye goti lake akashika ziwa.

Haji alielewa.

"Hapana, dada. Hapana."

"Nyamaza. Lala hivyo hivyo."

"Dada, hapana, mimi..."

"Nimesema nyamaza!"

Kisha kimya. Rahabu aligeuza uso pembeni na kukamua, tone kwa tone, na kwa dole gumba akamfungua kope.

Ukumbini Theodora alikuwa amesimama. Maneno yote yalimfikia, na baada ya maneno ule ukimya aliokuwa akiungojea na kuuogopa. Alitoa simu, akabonyeza jina la mwanawe.

"Gerald. Wamenyamaza."

"Nini?"

"Fundi alisema hapana, Rahabu akamwambia nyamaza. Sasa wamenyamaza. Njoo."

"Nakuja," Gerald akasema, na simu ikakatika.

Theodora angekaa kwenye kigoda chake, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini hakuweza kukaa. Alishika mwimo wa mlango, akavua ndala bila kujua kwa nini, akaingia. Alipita kitanda cha mwanawe, akapita kabati, akafika dirishani.

Aliona yote. Alimwona fundi amepiga magoti, kichwa kwenye goti la Rahabu, na ziwa la Rahabu nje. Akaona na mengine pia, kwa sababu alikuwa amezaa na kulea: chokaa kwenye kope, kikombe kitupu sakafuni, maziwa yanayotiririka shavuni pamoja na machozi, jicho jekundu kama nyama. Hakuhitaji kuelezwa. Yeye mwenyewe alishawahi kumfanyia hivyo Gerald alipokuwa mdogo, uwanjani, mbele ya watu, wakati wa kupepeta mtama.

Wote watatu walitazamana. Theodora alitoka kinyumenyume, akavaa ndala zake, akaketi kwenye kigoda.

Haji aliondoka na kitambaa kimefunga jicho, kwenda zahanati. Vyombo vyake aliviacha palepale. Rahabu alijifunga vizuri, akaja ukumbini, akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, umeona mwenyewe."

Theodora alitazama ukuta.

"Mimi sijaona kitu. Mimi nilikuwa hapa kwenye kigoda."

"Mama?"

"Nilikuwa kwenye kigoda, Rahabu."

Rahabu aliinuka taratibu. Hakuwa amemwogopa Gerald mpaka dakika ile. Theodora kwa upande wake aliingia chumbani mwake, akatoa simu, akatafuta jina la mwanawe. Alitaka kumwambia nimekosea, geuza. Lakini angesema amejuaje? Kidole kilikaa juu ya jina mpaka kioo cha simu kikazima.

Gerald alifika kesho yake mchana, na hakuja peke yake. Njiani alimpitia baba yake mkubwa, mzee Mughwai, ndiye mkubwa wa ukoo. Walikaa sebuleni, chini ya dirisha lililomalizwa vizuri. Rahabu akawaamkia, akaleta maji ya kunawa, na Gerald hakunawa.

"Shemeji," Mughwai akamwambia Theodora, "tuambie ulichokisikia."

Theodora akasema aliyoyasikia. Hapana dada. Nyamaza. Kimya. Hakuongeza hata neno moja, na hakupunguza.

"Na wewe, mwanangu," Mughwai akamgeukia Rahabu.

Rahabu akaeleza. Chokaa, maji yaliyokwisha, jicho. Alipofika kwenye maziwa sauti ilimshuka, na Gerald akainuka kwenye kiti.

"Maziwa ya mwanangu? Kwenye uso wa mwanamume? Chumbani kwangu?"

"Alikuwa anapofuka, baba Witness."

"Daktari amekuwa wewe?"

"Uliniambia nikae naye. Ningemwacha apofuke mbele yangu?"

"Nilikwambia ulinde vitu!"

"Kaa chini, Gerald," Mughwai akasema. "Mwanangu, kuna mtu aliyeona hayo unayoyasema?"

Rahabu alimtazama Theodora. Mama mkwe alikuwa ameshika pindo la kitenge chake, analikunja na kulikunjua. Ingetosha Rahabu aseme maneno mawili: mama aliingia. Lakini alijua vizuri yangesikikaje. Mwanamke aliyeshikwa anamtia mama mkwe wake uchafu ili naye aonekane mchafu. Nani angemsadiki? Na hata wangemsadiki, angekuwa amemvua nguo mzee aliyembeba mtoto wake siku ya ubatizo.

"Yupo," akasema. "Kama anataka, atajisema mwenyewe."

"Maneno hayo!" Gerald akapiga paja. "Atajisema! Mwite basi fundi wako ajiseme. Mama, huenda uliona kitu kupitia dirishani?"

Theodora alifungua mdomo. Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yake, nyepesi kabisa. Aseme ndiyo, niliona dirishani, ilikuwa jicho tu. Lakini Gerald mwenyewe akaifunga.

"Wapi, dirisha gani. Vioo vile nilivichagua ili mtu wa nje asione. Basi. Rahabu, funga nguo zako. Nenda kwenu Mtinko, mtoto bado ananyonya, nenda naye. Nitakuja kuzungumza na wazee wako."

Rahabu hakulia. Alikwenda chumbani, akatandika khanga kitandani, akaweka nguo za mtoto, kisha zake. Zilikuwa chache kuliko alivyodhani. Wote sebuleni walisikia akifungua na kufunga kabati, na safari hii hakuna aliyemwambia aseme.

Theodora akainuka. Mughwai alidhani anakwenda kujisaidia. Alipita ukumbini, akafika mlango wa chumba cha mwanawe, akavua ndala, akaingia.

"Mama!" Gerald alipiga kelele. "Mama, unafanya nini?"

"Njooni muone."

Walisimama mlangoni, baba mkubwa na mwanawe, na wote wawili walitazama sakafu kwa haya. Theodora alikuwa amesimama katikati ya chumba, kando ya kitanda, mahali ambapo hakuna mama wa ukoo ule aliyewahi kusimama.

"Jana niliingia kama hivi," akasema. "Alipiga magoti hapa. Mkamwana alikaa hapa. Kikombe kilikuwa hapa, kitupu. Chokaa ilikuwa kwenye kope, niliiona kwa macho yangu. Alichofanya Rahabu ndicho nilichomfanyia Gerald uwanjani, na hakuna aliyeniita malaya. Niliingia, nikaona, nikatoka, nikasema sikuingia. Hayo ndiyo niliyoyafanya."

"Shemeji, toka kwanza," Mughwai alisema taratibu. "Tutalizungumza."

"Mtalizungumza, najua. Kondoo nitatoa. Nitajeni kikaoni mnavyotaka. Gerald, uliniomba macho. Haya, macho yaliingia."

Gerald alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, paji la uso kwenye ubao. Rahabu alikuwa amesimama na khanga yake mikononi, fundo la kwanza limefungwa, la pili bado. Alimtazama mumewe. Moyo ulikuwa umeanza kumtulia, na vidole vyake, bila yeye kuviamuru, vilikuwa vimeanza kulegeza lile fundo la kwanza. Neno moja tu lingetosha. Hata pole isiyo na utamu.

Gerald akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sawa, mama," akasema. "Uliingia ukaona jicho. Lakini kabla hujaingia je? Zile siku nyingine zote?"

Mughwai alifumba macho. Hata yeye, mzee wa kusikiliza kesi za watu, aliona aibu badala ya mtu mwingine.

Rahabu alikaza fundo la kwanza. Akafunga la pili. Akamwinua Witness kitandani, akamweka mgongoni, akajifunga mbeleko kwa utulivu, kama anayekwenda sokoni.

Kabla hajashika mzigo, mkono mwingine ulikuwa umeshaushika. Theodora aliuinua, akaupachika kichwani juu ya kilemba, akapita mbele ya mwanawe bila kumgusa.

"Mama, unakwenda wapi?" Gerald akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi utotoni.

Wanawake wawili wakatoka uani, wakapita uzio. Dorkas alikuwa nje anaanua nguo. Aliona mzigo, akaona uliko kichwani, na utani wote ukamtoka.

"Shikamoo bibi. Jamani, mnakwenda wapi na jua hili?"

"Marahaba. Tunakwenda Mtinko, kwa wazazi wake," Theodora akasema. "Mwanangu anasema atakuja kuwaeleza. Nataka mimi niwe nimeshafika."